Mtoto Hujifunza Nini Katika Somo la Kiingereza?

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na ndugu zetu vijana,

Kazi yetu ya kila siku katika Chama hiki ni kuandika: kuandika kumbukumbu za mikutano, kutia michango daftarini, na kuwajibu wale wanaotuandikia. Basi hatukuja mbele yenu kama walimu, maana sisi si walimu. Tumekuja kama watu ambao barua na karatasi za wanachama hupitia mikononi mwao, na ambao kwa sababu hiyo wameona ni nini humpata mtu anayejua kusoma, na ni nini humpata yule anayetamka maneno tu bila kuyafahamu.

Katika mwaka uliopita wazazi wengi walifika ofisini na swali moja. Walisema: “Mtoto wetu yuko Gredi ya 8. Kila juma anafundishwa Kiingereza. Lakini akija mgeni nyumbani, mtoto huyu hasemi kama wale tunaowasikia kwenye televisheni. Je, huko shuleni anafundishwa nini?” Swali hili ni la haki, kwa kuwa aulizaye ndiye anunuaye sare na madaftari. Tena lina uzito zaidi wakati huu, maana Halmashauri imeletewa ombi kwamba fedha zote za Fungu la Elimu zitumiwe kununua karatasi za mitihani ya majaribio kwa watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Mwenye busara hanunui dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Kwa hivyo, kabla ya kuinua mikono kupiga kura, yatupasa tujue mtoto huyu hujifunza nini, na ni kitu gani kinachompungukia.

Baadhi ya wazee wetu wanazikumbuka shule za kati za zamani. Kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher ilitoa ripoti yake mwaka 1949, na kufuatana na ripoti hiyo mtoto wa Kiafrika alisoma miaka 4 katika shule ya chini, miaka 4 katika shule ya kati, kisha miaka 4 katika sekondari. Lakini kulikuwa na chujio mwishoni mwa mwaka wa nne, na chujio jingine mwishoni mwa mwaka wa nane, na wengi walibaki juu ya chujio. Mwaka 1957 palianza Kituo Maalum huko Nairobi cha kusaidia shule kufundisha kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini, na Tume ya Elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde, katika ripoti yake ya mwaka 1964, ikaunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Tangu hapo wazazi wetu wengi wamekitazama Kiingereza kama ufunguo wa mlango wa ofisi, nao hawakukosa sababu.

Sisi tulio katika umri wa miaka thelathini na kitu tulisoma chini ya utaratibu wa miaka 8, 4 na 4, ulioanza mwaka 1985. Tulifanya mtihani wa KCPE, ambao watoto wa mwisho waliufanya mwaka 2023. Katika Kiingereza tulipewa maswali 50, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua, kisha insha moja ya dakika 40. Mtoto mwerevu aliweza kujifunza mbinu ya kuchagua jibu hata pale ambapo hakuyaelewa yote aliyoyasoma. Ndiyo maana hata leo mzazi akisikia neno “Kiingereza” huwaza mara moja juu ya karatasi za maswali.

Utaratibu wa sasa ni mwingine. Mwongozo wa Mtaala wa Umilisi uliotolewa mwaka 2017 unayaita madarasa ya Gredi ya 4 hadi ya 9 kuwa ngazi ya kati. Gredi ya 7 hadi ya 9 ndiyo Sekondari Msingi, na watoto wa kwanza waliingia humo mwezi wa Januari 2023. Mwaka 2025 watoto hao wakafanya kwa mara ya kwanza tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, nao walikuwa zaidi ya milioni 1 katika nchi nzima. Yafaa wazazi wajue kwamba tathmini hiyo huchukua asilimia 60 tu ya hesabu inayompeleka mtoto katika Sekondari ya Juu. Asilimia 20 hutoka katika kazi anazopimwa shuleni akiwa Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 nyingine hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6. Kwa hivyo anayengoja miezi mitatu ya mwisho ndipo anunue karatasi za majaribio amekwisha kuchelewa.

Sasa tuingie darasani. Somo la Kiingereza katika Sekondari Msingi lina sehemu nne kubwa, nazo ni kusikiliza na kuzungumza, kusoma, sarufi, na kuandika. Sehemu hizi hazifundishwi kila moja katika chumba chake. Mwalimu huchukua jambo moja, labda uongozi, au afya, au mazingira, na katika jambo hilo watoto husikiliza, husoma, hutazama sarufi ya yale waliyoyasoma, kisha huandika.

Sehemu ya kwanza, kusikiliza na kuzungumza, hudharauliwa na watu wengi. Wao hudhani kwamba kuzungumza ni kuugeuza ulimi uwe wa Kizungu. Sivyo. Ni kweli kwamba watoto hufundishwa kutamka sauti na kuweka mkazo mahali pake, ili msikilizaji asikose maana. Lakini kazi kubwa zaidi ni kufundishwa kumsikiliza mtu mpaka mwisho, kushika hoja yake iliyo kuu, kuitofautisha na maelezo yanayoipamba, kungoja zamu, na kumpinga mwenzako bila kumtukana. Wazee wetu, ninyi mmekaa katika mabaraza. Mwajua jinsi shauri linavyoharibika pale ambapo kila mtu hujibu neno ambalo mwenzake hakulisema. Mtoto anayefunzwa kusema, “Mwenzangu amesema hivi, nami sikubaliani naye kwa sababu hii,” anafunzwa ustaarabu ule ule mnaoutaka katika mkutano huu.

Sehemu ya pili ni kusoma, nayo ina namna mbili. Kuna kusoma kwa kina, ambako darasa zima huchukua kipande kifupi, au shairi, au hadithi, na kukichambua neno kwa neno. Tena kuna kusoma kwa mapana, ambako mtoto hujichagulia kitabu na kukisoma peke yake kwa furaha, bila kuulizwa swali kila baada ya mstari. Hadithi za kimapokeo zimo pia, na sungura mjanja wa nyumbani kwetu hukutwa humo akisema Kiingereza. Mtoto huulizwa: Ni nani waliomo katika hadithi hii? Wanaishi wapi, na mahali hapo panabadilisha nini? Kwa nini huyu alitenda hivi? Je, mwandishi asema wazi, au adokeza tu?

Hapa tumefika kwenye kiini cha somo, na kama mtasahau mengine yote tuliyoyasema leo, twaomba mlishike hili. Kiini cha somo la Kiingereza katika ngazi ya kati ni kumzoeza mtoto kujibu swali hili dogo: “Umejuaje? Nionyeshe mahali palipoandikwa.”

Tutoe mfano. Tuseme watoto wamepewa maneno haya: “Mama aliingia ndani jioni, akauweka mezani ule mfuko mtupu, akamwambia binti yake azime jiko.” Mwalimu auliza, “Huyu mama ametoka kufanya nini, na mambo yake yamekwendaje?” Mtoto wa kwanza ajibu kwamba mama amechoka. Mwalimu amwuliza, “Neno ‘amechoka’ liko wapi?” Mtoto atazama, wala halioni, kumbe amelitoa kichwani mwake. Mtoto wa pili asema kwamba mama alikwenda kuuza, na bidhaa zote zimenunuliwa, ndiyo sababu mfuko ni mtupu. Mtoto wa tatu asema kwamba mama alikwenda kutafuta chakula, na hakukipata. Wote wawili wameshika neno “mtupu”. Ni nani aliye karibu zaidi na ukweli? Ndipo mtoto mmoja aliye kimya ainue mkono aseme, “Yule wa tatu, kwa sababu mama amesema jiko lizimwe. Kama angekuwa na fedha za mauzo, wangepika.” Mtoto huyu amejifunza kwamba ushahidi mmoja waweza kuwa na nguvu kuliko mwingine. Tena mwalimu mwema atamwambia kwamba hata yeye bado hana hakika kamili, maana huenda walikwisha kula. Mtoto ajifunza kusema, “Yaelekea kuwa hivi,” badala ya kusema, “Ni hivi,” pale ambapo hana hakika.

Mnaona, ndugu zetu, kwamba jambo hilo si la Kiingereza peke yake. Ni kazi ya hakimu, na ya daktari, na ya mwanamke anayesoma maandishi yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya kumnywesha mtoto.

Wala jambo hili si la nchi yetu peke yake. Wamo baadhi yenu wenye jamaa waliohamia Marekani pamoja na watoto wao. Huko somo hili huitwa Sanaa za Lugha ya Kiingereza, na shule ya kati kwa kawaida ni darasa la 6 hadi la 8. Mwaka 2010 vilitolewa huko viwango vya masomo ambavyo majimbo mengi yalivikubali, ingawa baadaye baadhi ya majimbo yalivibadilisha au kuviacha. Katika viwango hivyo, mtoto wa darasa la 6 hutakiwa aonyeshe ushahidi kutoka katika maandishi. Mtoto wa darasa la 7 hutakiwa aonyeshe ushahidi zaidi ya mmoja. Mtoto wa darasa la 8 hutakiwa auchague ule ulio na nguvu kuliko wote. Ni ngazi tatu za jambo lile lile la mfuko mtupu na jiko. Hata mtoto ambaye amezaliwa katika Kiingereza, ambaye hana taabu ya kukitamka, hufundishwa kusoma kwa miaka hiyo yote. Hapo ndipo tunapojua kwamba kutamka ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine.

Sehemu ya tatu ni sarufi. Watoto wengi huichukia, na wazazi wengi huona kwamba ni taabu isiyo na faida. Twaomba tuwaonyeshe faida yake kwa jambo lililowapata wanachama wetu wenyewe, bila kutaja jina la mtu wala la taasisi.

Miaka michache iliyopita wanachama wanne walimdhamini mwenzao aliyekopa shilingi 200,000 mahali fulani. Waliketi, wakagawa hesabu kichwani, wakasema: “Sisi tu wanne, akishindwa kulipa, kila mmoja wetu atatoa shilingi 50,000 tu.” Wakatia sahihi. Mkopaji akashindwa. Baada ya hapo deni likaanza kukatwa katika mshahara wa mmoja wao peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mshahara wa kila mwezi. Alipokuja kwetu na karatasi yake akilalamika kwamba amedhulumiwa, tuliisoma pamoja naye. Ilikuwa imeandikwa kwamba wadhamini wanalichukua deni “jointly and severally”, yaani kwa pamoja na pia kila mmoja peke yake. Maana yake ni kwamba mwenye kudai aweza kumfuata yeyote kati yao kwa deni lote, na ni juu yake huyo aliyelipa kuwafuata wenzake awadai sehemu zao. Maneno hayo hayakufichwa. Yalikuwa katikati ya ukurasa, kwa herufi zile zile za maneno mengine. Wote wanne walikuwa wameyapita kwa macho, na wawili kati yao husema Kiingereza kizuri sana.

Sarufi ndiyo inayomfundisha mtoto kusimama mbele ya neno dogo. Neno “and” hujumlisha, neno “or” hugawa. Neno “may” humruhusu mtu, na neno “shall” katika mkataba humlazimisha. Ikiandikwa kwamba Halmashauri “may” kumsaidia mwanafunzi, msiende dukani kukopa sare kwa kutumaini fedha hizo. Ikiandikwa “shall”, njoni mdai haki yenu. Neno “unless” ni mlango mdogo nyuma ya nyumba kubwa. Asiyeutazama hushangaa jinsi wageni walivyotoka. Mtoto wa Gredi ya 8 anayejifunza viunganishi hajui kwamba anajifunza kulinda shamba la baba yake, lakini ndivyo ilivyo.

Sehemu ya nne ni kuandika. Watoto hufundishwa kwanza mambo ya nje: hati inayosomeka, herufi kubwa, vituo, na maendelezo ya maneno. Kisha hufundishwa kwamba aya moja hubeba wazo moja, na kwamba mawazo yana mpango, lipi litangulie na lipi lifuate. Huandika insha za kusimulia na za kueleza, barua za kirafiki na za kazi, na siku hizi barua pepe pia. Hufundishwa kwamba kazi ya kwanza si ya mwisho: mtu huandika, husoma alichoandika, hufuta, huandika tena.

Bwana Mwenyekiti, katika majalada ya Chama zimo barua za kuomba msaada ambazo hatukuweza kuzijibu upesi, si kwa sababu mwombaji hakustahili, bali kwa sababu baada ya kurasa mbili za salamu na masikitiko hatukuona anaomba kiasi gani, kwa ajili ya nani, na kwa tarehe gani. Zimo nyingine za mistari 8 tu, za Kiswahili chepesi, nazo zilijibiwa siku ile ile. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba haja bila mpango hupotea ndani ya barua.

Tumekwisha kuona mtoto hujifunza nini. Sasa tutazame ni kitu gani kinachompungukia. Twaona mambo matatu.

Jambo la kwanza ni wakati wa kusoma. Kiingereza kimepewa vipindi 5 kwa juma, na kila kipindi ni dakika 40. Jumla ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Kama darasa lina watoto 50, na mwalimu akiugawa wakati wake sawasawa, kila mtoto hupata dakika 4 kwa juma. Katika dakika hizo 4 asome kwa sauti, aulizwe, asahihishwe, na insha yake itazamwe. Hata malaika hawezi. Tena twajua kwamba walimu wa Sekondari Msingi ni wachache katika shule nyingi, na mwalimu mmoja hubebeshwa masomo ambayo hakusomea. Basi tusimlaumu mwalimu kwa kazi ambayo saa yenyewe haimruhusu kuifanya. Yaliyobaki hayana budi kufanyika nje ya darasa.

Jambo la pili ni vitabu vya kusoma. Nyumba nyingi zetu zina televisheni na simu, wala hazina kitabu kimoja cha hadithi. Twasema bila kumwaibisha mtu, kwa sababu vitabu ni ghali na mshahara ni mfupi. Lakini fikirini: karatasi ya mtihani wa majaribio hutumiwa siku moja, ikatiwa alama, ikafungiwa maandazi. Kitabu cha hadithi kikitunzwa vizuri husomwa na watoto 20, mmoja baada ya mwingine. Karatasi ya majaribio humpima mtoto, lakini haimlishi. Mkulima hawezi kumnenepesha ng’ombe kwa kumpima uzito kila asubuhi.

Hatusemi kwamba karatasi za majaribio hazina faida kabisa. Mtoto wa Gredi ya 9 apaswa kujua maswali huulizwaje, asije akashtuka siku yenyewe. Karatasi chache zatosha kwa kazi hiyo. Tunalolipinga ni kutumia fedha zote kwa kupima, isibaki hata senti ya kulisha.

Jambo la tatu ni mazungumzo ya nyumbani. Wako wazazi ambao, kwa mapenzi yao kwa watoto, wamewakataza kusema lugha ya nyumbani, hata Kiswahili. Wanafuata mfano wa shule za zamani, ambako mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine wa kumvika. Wengi wetu tulikivaa kibao hicho. Kilitufundisha kunyamaza, na kupeleleza wenzetu, kusoma hakikutufundisha. Mtaala wenyewe wataka mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika mahali pake mpaka Gredi ya 3, ndipo Kiingereza kishike kazi hiyo kuanzia Gredi ya 4. Sababu yake ni nyepesi. Mtoto anayeweza kusimulia kwa mpango, kwa lugha ya bibi yake, jinsi sungura alivyomhadaa fisi, amekwisha kujua mwanzo, kati na mwisho wa hadithi. Amekwisha kujua kwamba sungura alisema hivi lakini alikusudia vile. Akifika darasani hubaki kujifunza maneno mapya tu ya kazi anayoijua. Lakini mtoto aliyenyang’anywa lugha moja kabla hajapewa nyingine huwa kama mtu aliyevuliwa viatu vya zamani katikati ya miiba akingoja vipya vishonwe.

Kwa hivyo mzazi asiyejua Kiingereza asiseme kwamba hana la kufanya. Akina mama, na hasa ninyi ambao hamkupata nafasi ya kukaa shuleni, tusikilizeni. Mtoto akimaliza kusoma, mwambie akusimulie alichosoma, kwa lugha yoyote mnayoelewana. Kisha mwulize maswali matatu. La kwanza: “Kumetokea nini?” La pili: “Kwa nini?” La tatu: “Umejuaje?” Akijibu lile la tatu kwa kufunua kitabu na kukuonyesha mstari kwa kidole, mwache akacheze, maana kazi imefanyika. Akijibu, “Nimejua tu,” mrudishe kwenye kitabu. Huhitaji kujua neno hata moja la Kiingereza ili kulitambua jibu la uvivu.

Bwana Mwenyekiti, twakaribia mwisho. Kwa heshima zote, twauomba mkutano huu utazame upya lile ombi la kutumia fedha zote kwa karatasi za majaribio, na badala yake ukubali mambo manne haya.

Kwanza, sehemu ndogo ya fedha ibaki kwa karatasi hizo, nazo zigawiwe watoto wa Gredi ya 9 peke yao.

Pili, sehemu kubwa inunue sanduku la vitabu vya hadithi, vya Kiingereza na vya Kiswahili, vyepesi na vigumu kidogo, liwekwe katika ofisi ya Chama na kufungwa kwa kufuli. Sisi makarani tutaweka daftari la kuazima, na kila kitabu kitaandikwa jina la aliyekichukua na tarehe ya kukirudisha.

Tatu, ukumbi wetu ufunguliwe kila Jumamosi asubuhi kwa saa 2. Vijana wetu waliomaliza sekondari na ambao bado hawajapata kazi waombwe wakae na watoto, si kuwafundisha masomo mapya, bali kuwasikiliza wakisoma na kuwauliza, “Umejuaje?” Katika saa hizo 2 mtoto mmoja aweza kusikilizwa kwa muda mrefu kuliko anavyosikilizwa darasani kwa mwezi mzima.

Nne, kuanzia sasa kumbukumbu za mkutano ziandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kabla hazijathibitishwa, watoto wawili wa Gredi ya 9 wazisome mbele ya wanachama, mmoja kwa lugha moja na mwingine kwa lugha ya pili. Wakiona mahali ambapo Kiingereza kinasema jambo moja na Kiswahili kinasema jingine, wainue mkono. Sisi tulioziandika hatutaona haya kusahihishwa na watoto.

Huenda mtu akauliza: Je, haya yatawafanya watoto wetu waseme Kiingereza kama wale wa kwenye televisheni? Twajibu kwa uaminifu kwamba hatujui, na kwamba si neno kubwa. Lakini twajua kwamba baada ya miaka michache mtoto mmoja kati yao ataitwa na baba yake jioni, awekewe karatasi mezani, na kuambiwa, “Nisomee hii kabla sijatia sahihi.” Siku hiyo baba hatahitaji mtoto mwenye matamshi mazuri. Atahitaji mtoto atakayesoma mpaka mstari wa mwisho, aweke kidole juu ya neno moja dogo, na kusema, “Baba, ngoja kwanza.”

Shauri sasa ni lenu, wazee wetu na ndugu zetu.

Ni sisi watumishi wenu katika kazi ya Chama.